Jioni ya Mabuse

Nilipokuwa mwanafunzi mjini Berlin, mjomba wangu, aliyehamia huko baada ya kuacha ukarani wa benki Mombasa, alinichukua jioni moja ya baridi hadi sinema ya Babylon kutazama filamu bubu ya Fritz Lang ya mwaka 1922, Dr. Mabuse, der Spieler (Dk. Mabuse, Mcheza Kamari), inayomhusu Mabuse, mkuu wa genge la wahalifu. Sikuwa na hamu. Filamu yenyewe ina sehemu mbili, zaidi ya saa nne kwa jumla, na Kijerumani changu wakati huo kilikuwa cha kuombea maji, kwa hiyo maandishi ya kwenye pazia alinisomea Mjomba kwa kunong'ona.

Filamu ilipofika kwenye onyesho la soko la hisa ndipo nilipoketi sawasawa. Mabuse ameagiza mkataba wa siri wa biashara uibwe ndani ya treni. Habari zinapoenea bei zinaporomoka, watu wanauza huku wakipigana vikumbo, naye, akiwa amejigeuza sura, amesimama juu yao wote na kofia yake ndefu, ananunua. Mara mkataba unapatikana, lakiri zake hazijaguswa, bei zinapanda, anauza.

"Umeona, mwanangu?" akasema Mjomba. "Hapo hakuna aliyetiwa mkono mfukoni. Wote wameuza kwa hiari yao."

Pesa bandia anazochapisha Mabuse zinahesabiwa na vipofu, vidole vyao vikipapasa noti moja moja, na nadhani watazamaji wa Ujerumani wa siku zile hawakucheka, maana sarafu yao ilikuwa ikizama. Kufikia Novemba 1923 dola moja ilikuwa na thamani ya mark trilioni 4.2.

Aliyenikera moyo ni Carozza, mcheza dansi anayempenda Mabuse na kumnasia Hull, kijana tajiri, ili afilisiwe kwenye meza ya karata. Akiwa gerezani anakataa katakata kumtaja bwana wake, ambaye tayari amegeukia mke wa mtu, na malipo yake ni sumu anayopelekewa humo humo seli. Anainywa.

Ndani ya treni ya kurudi nyumbani tulibishana kuhusu Carozza. Mimi nilisema katika genge lile lote ni yeye tu aliyependa kwa dhati. Mjomba hakutaka kusikia: Hull aliuawa, na aliyemvuta hadi mtegoni ni yule yule ninayemwonea huruma. Tulishuka kituoni kila mmoja akiwa na lake.