Heshima ya Krediti 24

Barua ya kwanza ya chuo ilifika Februari, tukaisherehekea kwa kuku. Ya pili, iliyokuja katikati ya Aprili 2014, ndiyo iliyozua mjadala nyumbani kwetu Migosi, mjini Kisumu. Chuo hichohicho cha Marekani, ambacho kilikuwa kimeshanipa nafasi ya kusomea uhandisi wa mitambo pamoja na ufadhili wa mihula 8, sasa kilinialika nijiunge na kile walichokiita programu ya heshima, na kikanitaka nijibu kabla ya tarehe 1 Mei. Niliichapisha kwenye saiba moja ya Barabara ya Oginga Odinga, kurasa 6, nikaificha ndani ya sweta kwa sababu mvua ilikuwa imeshaanza.

Baba alikuwa amestaafu kutoka bandarini, ambako alichomelea vyuma kwa miaka mingi hadi macho yakachoka, kwa hiyo nilimsomea. Nilipofika kwenye neno heshima, alininyamazisha kwa mkono. Kwake yeye, kama ilivyo kwa Wakenya wengi, heshima katika shahada ni jambo moja tu: lile daraja linaloandikwa kwenye cheti baada ya miaka 5 ya uhandisi, liwe la kwanza au la pili, na ambalo waajiri hawakosi kuliulizia.

"Nyathina, wanakupa daraja la kwanza kabla hujaingia darasani, nawe unauliza kama ulichukue?"

Sikuwa na jibu, maana hata mimi nilikuwa nimeielewa hivyo nilipoisoma mara ya kwanza, na nilikuwa nimetembea kutoka saiba hadi steji nikijiona mtu.

Jumamosi tulikwenda kwa jirani yetu tuliyemwita Injinia, aliyefanya kazi katika kituo cha umeme cha Sondu Miriu, kile cha megawati 60, na ambaye alirudi mjini mwisho wa wiki. Hakuzitazama kurasa zenye picha za vijana wanaocheka nyasini. Aliuliza mtaala wa idara uko wapi. Kwa bahati nilikuwa nao.

"Mzee," alimwambia baba baada ya kusoma kimya kwa muda mrefu, "hili si daraja. Hapa wameandika kwamba daraja litatokana na alama zake za miaka yote 4, na hata aliye nje ya programu anaweza kulipata. Hii ni kazi ya ziada. Tuone ni ya ziada kiasi gani."

Akapasua pakiti tupu ya unga wa mahindi, akaigeuza upande wa ndani, akachora masanduku 8, moja kwa kila muhula. Unga uliosalia ulimganda vidoleni, na kila sanduku likabaki na alama ya kidole gumba. Shahada ilidai krediti 128, yaani vipimo vinavyoonyesha uzito wa kila somo, 16 kwa muhula, na programu ya heshima ilidai 24. Swali lake lilikuwa moja: kati ya hizo 24, ngapi zinakaa ndani ya zile 128, na ngapi zinaning'inia nje? Kalkulasi na fizikia za programu zilikuwa krediti 8, nazo zilichukua mahali pa kalkulasi na fizikia za kawaida. Semina mbili za historia na fasihi, krediti 6, ziliingia kwenye masomo ya jumla ambayo kila mwanafunzi hulazimika kuyasoma. Zilibaki 10: semina nyingine za krediti 4, na tasnifu ya krediti 6. Hizo aliziandika pembeni, nje ya masanduku, akazizungushia duara.

Kisha akachora mishale kutoka sanduku hadi sanduku: huwezi kusoma statiki bila kalkulasi, wala dainamiki bila statiki, na baadhi ya masomo hayo hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Ukijaza muhula kupita kiasi ukaanguka moja, unaweza kungoja mwaka mzima, na muhula wa 9 haukuwa na mfadhili. Zaidi ya hayo, ufadhili wangu ulitaka wastani wa alama wa 3.0 kati ya 4, ilhali programu ilitaka 3.5 ili mtu asiondolewe.

Kwa haki yake, hakuidharau. Kilichomvutia hakikuwa bweni la pekee wala cheti, bali haki ya kujiandikisha masomo kabla ya wengine, kwa kuwa mwenye mishale mingi namna ile akikosa nafasi katika darasa moja tu ameumia, na pia madarasa ya watu wasiozidi 20, ambamo mwalimu atakujua kwa jina siku utakapomwomba nafasi katika maabara yake. Nadhani vijana wengi huvutwa na jina la programu hizi na kuyapita hayo mawili bila kuyaona. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Jioni hiyo nilimwandikia mshauri wa masomo wa idara: je, mradi wa mwaka wa mwisho unaweza kuhesabiwa kuwa tasnifu, na je, mtu anaweza kujiunga baadaye? Jibu lilikuja baada ya siku 4. Mradi ungekubaliwa iwapo ningeandika ripoti yangu mwenyewe mbali na ya kikundi, na mlango ulikuwa wazi hadi mwisho wa muhula wa pili. Kwa kuwa mradi ulikuwa tayari ndani ya zile 128, zile 10 zikawa 4. Hata hivyo niliandika kwamba sitajiunga sasa, kwanza nione kalkulasi ya huko inavyouma.

Baba, ambaye alikuwa ameshawatangazia wenzake wa bandarini, alinitaka nimsomee jibu mara mbili.

"Kwa hiyo heshima wamekuwekea?"

"Hadi Mei ya mwakani, baba."

Akaikunja ile pakiti ya unga, akaikung'uta mlangoni, akaitia kwenye bahasha ya kaki pamoja na barua ya chuo.