Siku moja maishani mwangu: Nimekwenda kuangalia tipa ya kununua

Saa 11 alfajiri. Adhana imenikuta macho zamani, hapa Fuoni. Miaka 12 nimeendesha tipa za watu, za mchanga, za kifusi, za kokoto, na leo nakwenda kuangalia ya kununua mwenyewe. Baada ya sala nimetia mfukoni tochi, futi ya kupimia, kalamu na daftari la hesabu la mwanangu. Mke wangu kanitilia chai na boflo, akaniambia, "Baba watoto, usije ukapenda rangi."

Saa 1 asubuhi. Ami yangu, fundi wa magari makubwa tangu sijajua hata kushika usukani, kanipitia na pikipiki. Nimemwamkia shikamoo, kaitikia marahaba, kisha akasema, "Mwanangu, leo usiniulize kama gari nzuri. Niulize inabeba ngapi."

Saa 2. Tumefika uwanjani, upande wa Mwanakwerekwe. Gari ni Isuzu ya tairi kumi, imekuja ishatumika Japani na hapa Unguja imefanya kazi miaka minne. Dalali katupokea kwa uchangamfu: "Shekhe wangu, hii inameza tani 15 na haigombi." Anataka milioni 65.

Ami hakumjibu. Alikwenda nyuma, akapapasa mlango wa bodi kwa kidole chini ya rangi mpya ya buluu, akaniita. Yapo maandishi ya Kijapani, na mbele yake tarakimu inasomeka vizuri: 9,000 kg. Kule Japani sheria inataka gari ya mizigo iandikwe nyuma uzito wa juu kabisa wa mzigo inaoruhusiwa, na tipa za mchanga zina sheria yao peke yake tangu 1967, inayotaka hata zifungwe saa ya kupima mzigo. Saa hiyo tumeikuta kwenye chesisi, sindano imekatika. Aliyekata alikuwa hataki kuambiwa.

Saa 3. Hapa tumekaa sana, na sijutii. Ami kaingia chini na tochi. Jeki ya kunyanyulia bodi haivuji. Tumeinyanyua na kifusi kidogo ndani, tukaiacha juu robo saa kwa saa ya mkononi, haikushuka. Injini imewaka kwa mkupuo mmoja, moshi wa kawaida. Tairi za nyuma nne zina namba 1916 ubavuni, maana yake wiki ya 19 ya mwaka 2016. Meno yake yapo mazuri, lakini raba imeshazeeka, nazo nimezihesabu kuwa za kubadilishwa.

Kisha akaniita nishuke na mimi. Kwenye springi za nyuma bapa mbili ni mpya kuliko nyengine, zimeongezwa. Chesisi karibu na bawaba ya bodi ina mstari wa kuchomelea. Na bodi yenyewe, mbavu zake zimepandishwa kwa bati nene la chuma. Nimepima: urefu mita 5.1, upana mita 2.2, kina mita 0.9. Kiwandani kina hicho kilikuwa kama nusu mita tu. Kwa hesabu yangu, bodi iliyotoka ikichukua kiasi cha mita za ujazo 6 sasa inachukua 10.

Ujazo huo ndio uliomtia dalali tani 15 kinywani, na hata hizo ni chache. Mchanga mkavu mita moja ya ujazo ni kama tani 1.6, ukinyesha mvua unakaribia tani 1.9. Bodi hii ikijaa mchanga mbichi ni tani 19.

Saa 5. Tumeomba tukaipime gari tupu, dalali akaja nayo mwenyewe, kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu. Imetoka kilo 11,620. Kibao cha kiwandani kilichomo mlangoni mwa dereva kinasema uzito wa jumla, gari na mzigo na watu, usizidi kilo 19,950. Nimeandika kwenye daftari: toa 11,620, toa kilo 110 za dereva na utingo. Inabaki 8,220. Hata zile 9,000 za mlango wa bodi hazipo tena, kwa sababu bati na bapa zilizoongezwa zimekula kilo 780 kabla hujatia hata beleshi moja.

Dalali kaona ninavyoandika, akasema, "Lakini bara gari kama hii wanairuhusu tani 26!" Ni kweli kwa upande mmoja. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 ya kudhibiti uzito inaipa ekseli ya mbele tani 8, na ekseli mbili za nyuma zenye tairi pacha tani 18. Ukijumlisha ni 26. Ami akamjibu kwa upole: "Bwana, hiyo ni dari ya barabara. Dari ya gari ni hii hapa kwenye kibao. Ya chini ndiyo unayoishi nayo." Akaongeza kuwa bapa za springi hazibadilishi kibao. Gari inasimama wima zaidi, breki na ekseli ni zile zile.

Wala barabara haisamehe. Ekseli ikizidishwa mzigo kwa asilimia 20, inaila lami mara mbili ya ilivyopaswa, kwa sababu madhara hupanda kwa kipeo cha nne cha uzito. Unguja ni kisiwa. Barabara iliyochimbika ni hiyo hiyo utakayopita kesho.

Hili la breki silisemi kwa kusoma. Mwaka wa pili wa kazi, kwenye mteremko wa Masingini, mzigo umefurika mpaka juu ya mbavu, tairi ya nyuma ilipasuka, na gari haikusikia breki mpaka karibu na watoto waliokuwa wakirudi skuli. Hakuumia mtu, alhamdulillahi. Bosi aliyenituma alinikata fedha ya tairi. Mimi mpaka leo nikipita pale napunguza mwendo hata nikiwa mtupu.

Saa 7 mchana. Sala, kisha wali wa nazi na samaki kwa mama ntilie. Daftari liko mezani. Nimehesabu kwa 8,220, yaani mita za ujazo 5 za mchanga mkavu, kidogo zaidi ya 4 ukiwa mbichi. Kwa mzigo huo, kwa bei ya safari za kwetu, mafuta, kibali cha mchanga, tairi nne, milioni 65 hazirudi. Milioni 52, na bati zishuke, inarudi.

Saa 10 jioni nimempigia dalali na hesabu hiyo. Kanyamaza, kisha akasema atazungumza na mwenye gari.

Saa 2 usiku kanipigia. Mwenye gari amekubali milioni 54, kwa sharti la bati kutolewa kwa gharama yangu. Ami kasema na mchomeleaji wa Kibandamaiti aje na gesi saa 2 asubuhi, na kopo la rangi nyeupe, tuandike upya kwenye mlango wa bodi uzito wa mzigo baada ya kuipima tena.