Nilivyofanikiwa kusoma ukuta wa mnara wa Ashwell

Mara ya kwanza niliondoka bila kuona hata herufi moja. Nilisimama ndani ya mnara wa kanisa la Mtakatifu Maria kijijini Ashwell, kaskazini mwa Hertfordshire, Uingereza. Nilikuwa nimeambiwa kwamba kwenye ukuta wa kaskazini kuna maneno ya mtu aliyenusurika na tauni kuu ya karne ya 14. Nikawasha taa ya simu, nikaielekeza ukutani. Ukuta ukawa mweupe pe, kama sahani. Nikasogea, nikarudi nyuma, nikapiga picha kumi na kitu. Nilipofika nyumbani nikazikuza zote, moja baada ya nyingine: weupe mtupu.

Mimi kazi yangu ni kuhudumia wazee, na naishi Letchworth. Aliyeniambia habari za ukuta ule ni bibi mmoja niliyekuwa nikimhudumia, mwalimu mstaafu, ambaye miguu ilikuwa imeshakataa. Kila nikimpelekea chai aliniuliza, "Umeshakwenda Ashwell?" Ni karibu sana. Unapanda treni ya Cambridge, unashuka kituo cha pili baada ya Letchworth, kisha unatembea karibu saa nzima katikati ya mashamba. Siku niliyomwambia nimekwenda na sikuona kitu, alinyamaza kidogo, akasema, "Basi hukuona. Rudi."

Ngoja kwanza niwaeleze kanisa lenyewe. Mnara wake unauona kabla hujaona nyumba hata moja. Una urefu wa futi 176, yaani karibu mita 54, na kwa kanisa la kijiji huo ni urefu wa kushangaza. Juu kabisa umevikwa kofia ya madini ya risasi yenye pembe nane, na katikati ya kofia umechomoza mnara mwembamba kama sindano. Makanisa mengi ya mkoa ule yana sindano ya namna hiyo, lakini ya Ashwell ndiyo iliyokwenda juu zaidi. Zamani Ashwell haikuwa kijiji. Katika orodha kubwa ya mali aliyoiagiza mfalme William mwaka 1086, Ashwell imeandikwa kuwa mji, na mwenye ardhi ni abasia ya Westminster. Kwa hiyo palikuwa na watu, palikuwa na soko, na palikuwa na wenye uwezo wa kujenga. Sehemu kubwa ya jengo unaloliona leo ni ya karne ya 14.

Kilichonishika mimi ni jiwe. Baba yangu ni fundi muashi, Kilwa Masoko, na tangu utoto nimezoea kugusa ukuta kabla sijauangalia. Jiwe la Ashwell ni chaki. Si chaki ya ubaoni inayovunjika mkononi, ni chaki ngumu ya kujengea, wenyewe wanaiita klanchi. Ikitoka ardhini ni laini kiasi cha kukatwa kwa msumeno, kisha ikikaa kwenye hewa inakakamaa. Nilipomsimulia baba kwenye simu alicheka kwa furaha. "Hayo si matumbawe yetu hayo?" Ni kweli. Wazee wetu waliojenga Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani walifanya vilevile: matumbawe laini yalichongwa yakiwa mabichi, yakaachwa yakauke yawe magumu. Na nyakati zinakaribiana. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye ndiye anayetajwa kuupanua msikiti ule. Huku Ashwell nako, katika karne hiyohiyo, mafundi walikuwa wanapandisha mawe.

Ulaini huo una gharama. Upande wa nje, mvua na baridi kali vimeila klanchi ya mnara mpaka imebonyea. Lakini ndani, ambako mvua haifiki, ulaini huohuo ndio uliomwezesha mtu mwenye msumari au ncha ya kisu kuandika ukutani, na maneno yakabaki zaidi ya miaka 650.

Nilimwambia baba shida yangu.

"Baba, nimemulika ukuta mzima, sikuona kitu."

"Umemulika vipi, mwanangu?"

"Nimeielekeza taa pale pale penye maandishi."

"Aa, hapo ndipo ulipokosea. Umesahau tunavyokagua lipu?"

Nikakumbuka papo hapo. Nyumba ikishapigwa lipu, mchana ukuta unaonekana umenyooka kabisa. Jioni baba anachukua taa, anaiegemeza kwenye ukuta wenyewe, mwanga unatambaa juu ya lipu kama maji. Hapo kila bonde linaonekana, kila nundu inatupa kivuli chake. Vibarua walikuwa wanaiogopa taa ile kuliko maneno ya baba. Nilikuwa nimeishika mimi mwenyewe, nikiwa na miaka minane au tisa, nikiisogeza taratibu huku yeye akiweka alama za mkaa pa kurudia.

Nikamuuliza na jambo la pili, maana lilikuwa linanisumbua: kama ni sawa mimi kuingia na kutoka kanisani kwa watu kwa ajili ya kusoma ukuta. Akanijibu, "Nyumba ya ibada ni nyumba ya ibada. Ingia kwa adabu, omba ruhusa, usiguse."

Nikarudi siku ya mapumziko mwezi wa Novemba, saa tisa alasiri, kwa makusudi, maana wakati huo jua la huku limeshaanza kuzama. Kanisa la Ashwell lina madirisha makubwa ya vioo visivyo na rangi na kuta nyeupe, kwa hiyo mchana wa kiangazi mwanga unatoka kila upande na kuua vivuli vyote. Hilo nalo lilikuwa limeniponza mara ya kwanza. Nikamkuta mama mmoja akipanga maua, mzee wa kanisa. Nikamwomba ruhusa. Akaniuliza nina nini, nikamwonyesha: tochi ndogo, daftari na penseli. Akasema wapo wanaokuja na karatasi kutaka kusugua juu ya maandishi, na hao hawaruhusu, kwa sababu kila msuguo unaondoka na unga wa chaki. Mimi akaniruhusu.

Nikaisogeza tochi karibu kabisa na ukuta bila kuugusa, mwanga ukipita sambamba nao kutoka kushoto. Nikaisogeza polepole.

Zikaja. Kwanza mikwaruzo, kama nyayo za ndege kwenye mchanga. Halafu mstari. Halafu mstari chini yake. Nilipohamishia tochi upande wa kulia, herufi zilizokuwa zimejificha zikatokea, na baadhi ya zile za kwanza zikazama. Ndipo nikaelewa kwamba lazima kila kipande kisomwe mara mbili, mwanga ukitoka pande mbili, na mara nyingine hata kutoka chini. Nikawa nachora ninachokiona, si ninachokidhania. Hilo nalo nililijifunza kwa kukosea, maana jicho lina haraka ya kukamilisha neno.

Kuona hakukuwa kusoma, lakini. Maneno ni ya Kilatini, na mwandiko wa karne ile ni mtihani. Herufi i, m, n na u zote ni vijiti vilivyosimama wima. Ukikuta vijiti vitano mfululizo, hujui ni "mu" au "nin" au "imi". Tena waandishi walikuwa wanafupisha maneno na kuweka mstari mdogo juu kuonyesha kwamba kuna herufi zimeachwa. Nilikwenda mara tatu zaidi. Kila jioni nikitoka kazini nilikaa na daftari langu nikilinganisha na nakala za usomaji wa wataalamu, na yule bibi mwalimu, aliyekuwa amesoma Kilatini akiwa msichana, akinisahihisha kitandani mwake. Naomba ieleweke: mimi sikugundua kitu kipya. Wataalamu walishaisoma. Nilichotaka ni kuisoma kwa macho yangu, nikiwa mbele ya ukuta, bila karatasi.

Mstari wa kwanza unaanza na kitendawili cha mwaka. M, kisha C mara tatu, kisha X mara tano. Elfu moja, mia tatu, hamsini. Mwaka 1350. Aliyeandika hakutaka kuweka tarakimu tu; aliufunga mwaka kwa fumbo, kama mashairi ya kwetu yanavyoficha tarehe kwenye ubeti. Kisha yanafuata maneno matatu: *miseranda, ferox, violenta*. Ya kuhuzunisha, ya kikatili, ya nguvu. Halafu: *superest plebs pessima testis*. Wamebaki makapi ya watu tu kushuhudia.

Nilipofika hapo tochi ilinitetemeka. Nikasema innalillahi, kimyakimya. Yule aliyesimama nilipokuwa nimesimama mimi, mkono wake ukiwa pale penye mwanga wangu, alikuwa anajitaja yeye mwenyewe na jirani zake. Makapi. Walioachwa baada ya kupepetwa. Tauni ilitua bandari za kusini mwa Uingereza mwaka 1348, na mwaka uliofuata ikaenea nchi nzima. Inakadiriwa kuwa ilichukua kati ya theluthi na nusu ya watu wote. Kuna mstari mwingine ukutani hapo unaoitaja tauni ya kwanza, nao unaficha mwaka vilevile: elfu moja, mia tatu, hamsini kasoro moja. 1349.

Na habari haikuishia kwenye ugonjwa. Mstari wa mwisho unasema kwamba hatimaye ulikuja upepo mkali, na kwamba mwaka huo Maurus ananguruma (*tonat*) duniani, 1361. Hapo nilikwama wiki nzima, kwa sababu dhoruba hiyo kubwa vitabu vinaiweka Januari 1362. Bibi ndiye aliyenifungua. Enzi hizo Waingereza walianza kuhesabu mwaka mpya tarehe 25 Machi, kwa hiyo Januari yetu ya 1362 kwao ilikuwa bado ni 1361. Na tarehe 15 Januari ni siku ya Mtakatifu Maurus. Dhoruba ya siku zile ndiyo iliyoangusha mnara wa mbao uliokuwa juu ya kanisa kuu la Norwich. Huyu wa Ashwell alikuwa ndani ya mnara wa mawe, akiusikia upepo ukipiga.

Kwa mtoto wa fundi, maandishi haya ni kipimo pia. Ukuta ulioandikwa habari za 1350 na 1361 ni ukuta uliokwisha simama. Kwa hiyo watu wa Ashwell waliingia kwenye tauni wakiwa na jengo mikononi, na waliobaki wakaendelea kulijenga mpaka juu. Nani alibeba mawe? Nani alichanganya chokaa, katika mji uliopoteza watu wengi namna ile? Hakuna jina hata moja ukutani. Kuna kazi yao tu, inayopanda mita 54.

Baada ya kuzoea taa, nilianza kumulika kila mahali. Kwenye nguzo moja kuna maneno ya mtu aliyekasirishwa na uashi: pembe hazikuungana sawasawa, natema mate. Nilipomtafsiria baba aliniomba nirudie mara mbili. "Huyo alikuwa fundi," akasema. "Au alikuwa msimamizi." Akataka kujua kama pembe zenyewe kweli zimeachana. Nikaenda kuzitazama kwa ajili yake. Nilizimulika juu mpaka chini, na mimi naona zimekaa vizuri.

Ndani ya mnara, kwenye ukuta uleule lakini chini ya maandishi, kuna mchoro wa kanisa kubwa lenye mnara mrefu uliochongoka. Wengi wanaamini ni kanisa kuu la Mtakatifu Paulo la London, lile la zamani. Mnara wake uliochongoka uliteketezwa na radi mwaka 1561, na kanisa lote likaungua kwenye moto mkuu wa 1666. Mtu aliyelichora alitoka London akiwa nalo kichwani, au alikuwa na hamu ya kwenda. Nilikumbuka vyombo vya baharini vilivyokwaruzwa kwenye lipu ya magofu ya kwetu, Kilwa na Songo Mnara, tanga na kamba zake zikiwa zimechorwa na mtu aliyezijua. Nimeyapita magofu yale mara ngapi mchana kweupe, na taa sikuwahi kuchukua.

Picha niliyompelekea yule bibi niliipiga ziara ya mwisho, tochi ikiwa kushoto, simu imeegemezwa kwenye kiti. Niliichapisha kubwa nikaibandika mbele ya kitanda chake. Alivaa miwani, akafuata mistari kwa kidole bila kuigusa karatasi, akasoma kwa sauti, Kilatini chote, polepole, mpaka *tonat*.