Nilivyokusanya vinyago vya mto Sepik na kuvitoa nchini kihalali

Nilipokuwa nafanya kazi Wewak, Papua New Guinea, nilianza kununua vinyago vya Sepik. Kabla ya hapo nilijua mpingo wa Wamakonde tu. Mapema nikajiwekea sharti: sinunui kitu nisichojua kimechongwa na nani, katika kijiji gani, kwa kazi gani.

Sharti hilo ndilo lililonitoa madukani, maana wauzaji wengi wa mjini hawajui mzigo wao umetoka wapi. Nikawa nakwenda kwa gari hadi Pagwi, kando ya mto Sepik, nakodi mtumbwi wa injini na kuingia vijiji vya kabila la Waiatmul kama Palimbei na Kanganaman. Huko kuna haus tambaran, nyumba ndefu ya wanaume iliyoinuliwa juu ya nguzo za kuchongwa, na mchongaji mwenyewe unamkuta hapo. Unasalimia, unakaa, unauliza.

Kilichonivutia zaidi ni kulabu za kutundikia. Juu umechongwa mtu au uso wa mzimu, chini kuna ndoano. Hufungwa darini ili chakula kining'inie mbali na panya. Kigoda cha msemaji nacho hakikaliwi. Anayehutubia husimama kando yake, akikipiga kwa fungu la majani kila anaposisitiza hoja. Na kinyago cha mwai, chenye pua ndefu inayoshuka kupita kidevu, hukandikwa udongo usoni na kupachikwa simbi za kauri. Ni sura ya mhenga wa ukoo. Ukishaelezwa hayo na mwenyewe, huwezi tena kukiita pambo.

Bei haivutwi kama Kariakoo. Unauliza kwa upole bei ya pili, mchongaji anapunguza kidogo, unalipa au unaacha. Kuendelea kubishana ni kumvunjia heshima. Kila nilichonunua nilikipiga picha pamoja na mchongaji, kwa ridhaa yake, kisha nikaandika daftarini jina lake, kijiji, aina ya mti na maelezo aliyonipa.

Vya kale nilivikataa, hata nilipoletewa pembeni. Sheria ya kuhifadhi mali ya utamaduni ipo tangu 1965, na kwangu hoja kubwa zaidi ni kwamba kitu kama hicho ni cha ukoo mzima, hata kama aliyekishika ana shida ya kweli ya pesa. Vyenye manyoya ya ndege wa paradiso au magamba ya ng'amba sikuvigusa pia.

Kabla ya kuondoka nilivipeleka vyote Makumbusho ya Taifa, Waigani, Port Moresby, kuomba kibali. Hapo daftari lilinisaidia sana: ofisa alikagua kipande kimoja kimoja akilinganisha na picha. Nenda mapema, usisubiri siku ya ndege.

Adui aliyebaki ni bungua. Ukiona vumbi laini la mbao chini ya kinyago, yumo ndani. Mimi hufunga kipande kwenye plastiki isiyopitisha hewa, nakiweka kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha nakitoa na kukiacha kirudie joto la kawaida taratibu kabla ya kufungua, ili unyevu ubaki nje ya plastiki. Vinyago vya mwai siviweki humo, kwa kuhofia udongo kupasuka. Hivyo navitenga peke yake na kuvikagua mara kwa mara.