"Bibi, karibu mbele"

Limenikwama kooni tangu Jumamosi kama mwiba wa changu. Na wiki yenyewe haikuwa haba: ukaguzi umeisha, bosi (yule yule) kahamishiwa Dodoma, binti wa kaka wa Tabata kajifungua salama Jumanne. Lakini mimi niko na "bibi" tu.

Ni ile ziara ya vijana wa maigizo. Hupewi mtu wa kukusomea historia. Unapokewa na bawabu mwenye kanzu na tarbushi, kana kwamba ni miaka ya hamsini na wewe umechelewa mkutanoni. Tulianzia Lumumba, enzi hizo New Street, TANU ilipozaliwa Julai 1954, tukavuka hadi Mnazi Mmoja, ukumbi wa Anatoglo. (Mgiriki mwenye jina lake alikuwa Arnautoglu. Tumelimega miaka yote hii na ukumbi haujaanguka.)

Mlangoni bawabu akawa anakagua kadi. Tulikuwa kama ishirini, nusu wanachuo. Akanitazama, si machoni, hapa juu ya kipaji, mvi zinapotamba tangu niache piko. Sauti ikashuka, ile ya kumjulia hali mgonjwa.

"Bibi, karibu mbele, wewe ulikuwepo. Waambie hawa watoto Mwalimu alisimama wapi."

"Mwanangu, mimi nimezaliwa sabini na saba. Mimi na CCM ni pacha."

Watu wakacheka. Yeye hakutoka kwenye uhusika hata kidogo, na hapo ndipo aliponimaliza: "Haidhuru, bibi. Wazee husahau."

Kikaletwa kiti. Cha plastiki, chekundu, kimoja. Nikakikalia! Hilo ndilo sijajisamehe. Ningeweza kusimama. Magoti yangu mazima, Kariakoo nazunguka na viatu vya kisigino. Lakini kiti kikaja, na mwili ukakaa wenyewe.

Jukwaani binti mmoja akafanya kipande cha Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu ya 1969, Shailoki anadai ratili yake ya nyama. Makofi mengi. Mimi nilikuwa bado natafuta jibu la kumpa bawabu. Lilinijia nikiwa kwenye daladala, Magomeni, halina wa kumpa.

Jumapili nikampelekea mama mashtaka. Alikuwa anachambua mchicha, hakuinua kichwa.

"Kwani Jumanne mmepata nini kwa kaka yako?"

"Mtoto."

"Atakuita nani?"

Nikanyamaza. Kumbe nilikuwa na siku nne za ubibi, na bawabu ndiye mtu wa kwanza kuniita. Nilicheka mpaka mama akaniambia nisimwagie mchicha.

Halafu akauliza, taratibu, "Ule mlango wa pembeni, karibu na jukwaa, bado upo?" Yeye na dada yake walikuwa wakijipenyeza hapo kuangalia dansi bila kulipa, kanga moja wamejifunika wawili. Ndiyo maana alinisisitizia niende, na mimi nilidhani anataka nitoke nyumbani tu.

Sijui kama upo. Nilikaa pale saa nzima, sikugeuza shingo.

"Utarudi," akasema.

Nitarudi. Bila piko, na sikai.

Paka hajaonekana tangu Alhamisi. Dagaa wake nimebadilisha mara mbili, leo nimekuta sisimizi.