Nilivyojifunza kukimbia pekupeku kwenye mchanga wa Luchelele

Kisigino cha mguu wa kulia ndicho kilichonitoa barabarani. Nilikuwa nakimbia kwenye lami, Nyegezi kwenda Mkolani na kurudi, mara tatu kwa wiki, najiandaa kwa nusu marathoni. Ikafika mahali kila asubuhi nikishuka kitandani hatua ya kwanza inachoma kama nimekanyaga msumari. Nikitembeatembea maumivu yanapoa, nikikaa chini yanarudi. Mimi ni fundi cherehani, na mguu huohuo ndio unaokanyaga cherehani kutwa nzima. Mtaalamu wa viungo akaniambia utando wa chini ya wayo umeumia. Akaniagiza nipumzike, ninyooshe mashavu ya miguu kila siku, na nikirudi kukimbia nianze upya, polepole, kwenye ardhi laini.

Kwetu Mwanza ardhi laini ni mchanga wa ziwa. Ila wazo la kuvua viatu lilikuwa langu, yeye hakulisema. Kisigino kinachouma hakiponyeshwi kwa kwenda peku, kinaweza hata kuzidi. Nilisubiri miezi miwili mpaka maumivu ya asubuhi yakaisha kabisa, ndipo nikashuka ufukweni Luchelele.

Nilijiamini kupita kiasi. Nimekulia Ukerewe, shule ya msingi nimesoma miguu mitupu, kwenda na kurudi, mvua na jua. Nilidhani nyayo zinakumbuka. Nyayo zilikuwa zimefungiwa ndani ya viatu zaidi ya miaka ishirini, zimelainika kama za mtoto. Siku ya kwanza nilikimbia kilomita tano moja kwa moja, na kwa jinsi upepo wa ziwa ulivyokuwa unanipuliza usoni sikusikia chochote mpaka nilipomaliza. Jioni yake malengelenge mawili yalikuwa yameota chini ya vidole, na mashavu ya miguu yamekaza mpaka nashuka ngazi kinyumenyume. Siku mbili sikugusa cherehani. Suruali ya mteja ilichelewa, na hilo liliniuma kuliko miguu.

Baadaye ndipo nilipoelewa nilichofanya. Mwaka 2010 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake, waliowatazama wakimbiaji wanaovaa viatu na wasiovaa, wakiwemo Wakenya waliokulia miguu mitupu. Waliozoea kwenda peku wengi hutua kwa sehemu ya mbele au ya katikati ya wayo, na wenye viatu wengi hutangulia kisigino, kwa kuwa soli nene inawaruhusu. Mtu akivua viatu mwili hubadilisha mtuo wenyewe, na kazi iliyokuwa ya soli inahamia kwenye shavu la mguu na ule ukano mnene wa nyuma ya kisigino. Shavu langu halikuwahi kufanya kazi hiyo tangu nilipomaliza darasa la saba, nami nikalibebesha kilomita tano kwa mkupuo.

Na mchanga wenyewe una gharama yake. Kukimbia kwenye mchanga mkavu unaodidimia hula nguvu mara moja na nusu na zaidi ukilinganisha na ardhi ngumu. Tena mchanga wetu si ule wa unga wa Coco Beach ya Dar. Huu ni watoto wa mawe yaleyale ya granaiti yaliyobebana juu ya milima ya Mwanza, yamesagika taratibu, chembe zake ni kubwa na zina kona. Unasugua. Kwa mguu uliozoea ni raha, kwa mguu mgeni ni msasa.

Aliyeninyoosha ni mama mmoja anayeanika dagaa pale. Alikuwa ameniona siku ya kwanza, na niliporudi baada ya wiki nikichechemea aliniita, akanisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Hiyo miguu imepona?"

"Mwangaluka, mama. Bado bado."

"Sasa mbona unaanzia mwisho? Sisi humu tumetembea na ndoo kichwani toka watoto. Tembea kwanza. Mchanga ukujue."

Nikatembea. Wiki mbili nzima, siku nne kwa wiki, dakika ishirini tu, sikukimbia hata hatua. Nilijisikia vibaya, vijana wa chuo wananipita na viatu vyao vizuri, mimi natembea kama nimepoteza pete. Wiki ya tatu nikaanza kuchanganya: dakika moja nakimbia, nne natembea. Nikiamka na mashavu yameuma kidogo naendelea, nikiamka ukano wa nyuma ya kisigino umevimba au unauma nikiugusa, siendi, hata kama siku ni nzuri namna gani. Kanuni hiyo sikuivunja, na naamini ndiyo iliyoniokoa. Ilinichukua karibu miezi minne kufikisha dakika ishirini bila kutembea. Malengelenge yaligeuka ngozi ngumu, siyo sugu nene yenye kupasuka, ni ngozi imara tu kama ya kiganja cha mvuvi. Hatua zangu zikawa fupi na za haraka bila mtu kunifundisha. Hatua ndefu peku inaumiza papo hapo, na mguu haurudii.

Kuna jambo la ziwani ambalo mtu aliyetoka Pwani hulikosea. Kule Dar unasubiri maji yapwe, unapata uwanja mpana wa mchanga mgumu. Ziwa Victoria halina kupwa na kujaa kwa kuonekana. Ukanda wa mchanga uliolowa ukashikana, ule unaobeba mguu vizuri, kwetu ni hatua mbili tatu tu, na unaamuliwa na upepo. Asubuhi maji yakitulia unapatikana, mchana upepo ukivuma kutoka ziwani mawimbi yanaukalia. Halafu umeinama kuelekea majini. Ukikimbia upande mmoja tu, mguu wa juu unakunjika zaidi na wa chini unanyooka zaidi, nyonga inalia. Kwa hiyo nakwenda nikiwa na ziwa mkono wa kushoto, narudi nikiwa nalo mkono wa kulia, njia ileile. Kila mguu unapata zamu yake.

Miguu yenyewe, basi, ilikuwa nusu ya somo. Nusu nyingine ni mwalo, yaani pale mitumbwi inapofikia na samaki kushushwa, na hiyo ilinigharimu zaidi.

Kwanza dagaa. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku, wanawasha taa, dagaa wanafuata mwanga. Alfajiri mitumbwi inarudi, na mzigo unamwagwa kuanikwa palepale mchangani, juu ya nyavu au mchanga mtupu, na wachache wenye uwezo wana vichanja. Asubuhi moja nilipita karibu mno na wavu wa mtu, kisigino kikatupa mchanga juu ya dagaa wabichi. Mwenyewe alikuwa dada mdogo, hakunitukana. Aliniambia tu, "Dada, wakishika mchanga hawa wanaenda kuwa chakula cha kuku, bei inashuka." Nilipiga magoti nikasaidia kupepeta mpaka jua likachoma. Ule ulikuwa mtaji wake wa siku, na mimi nilikuwa pale kwa afya yangu tu. Tangu siku hiyo nikikuta nyavu zimetandazwa hadi karibu na maji, sipiti katikati. Nageuka. Kama mzunguko wangu umepungua, nageuka tena na tena kwenye kipande kilichobaki.

Ndipo nikajifunza kuhesabu mwezi. Mbalamwezi ikiwa kali taa za wavuvi hazina nguvu, dagaa hawakusanyiki, mitumbwi inalala siku kadhaa. Siku hizo mchanga uko wazi asubuhi nzima. Safari zangu ndefu zote nazipanga kwenye mwezi mpevu, na kwenye mwezi mchanga nafanya zile fupi. Mume wangu alishangaa kuniona nachungulia dirishani usiku kabla ya kuamua niweke alamu ya saa ngapi.

Pili, vitu vya chini. Siku moja nilikanyaga ndoano ya sangara iliyokuwa imefukiwa na wimbi. Iliingia pembeni mwa wayo mpaka kwenye ile ncha yake ndogo inayoelekea nyuma, haivutiki. Kijana wa mtumbwi alitaka kuivuta kwa koleo nikamkatalia, nikachukua bodaboda hadi zahanati, ikatolewa kwa ganzi. Nikaulizwa mara ya mwisho nilichomwa lini sindano ya pepopunda, sikuwa na jibu. Nilichomwa. Anayetaka kukimbia peku aanze na sindano hiyo kabla ya kuvua viatu. Mwaloni kuna ndoano, kuna chupa, kuna miiba ya sangara na mapanki, mifupa inayobaki minofu ikishatolewa. Nilichoamua ni kutembea kwanza njia yote nikienda, polepole, macho chini, nikiokota ninachokiona na kukitia kwenye mfuko, halafu ndipo nakimbia, kurudi na kwenda, juu ya nyayo zangu mwenyewe. Sikimbii mchanga nisioukagua asubuhi hiyohiyo. Na palipo na mchanga mkavu wenye vumbi karibu na mabanda na mifugo, navaa kandambili, kwani huko ndiko funza wanakokaa.

Tatu ni kichocho, na hapa naomba msomaji asipite haraka.

Raha ya kukimbia ufukweni ni kuacha maji yakulambe miguu. Miezi ya mwanzo nilikuwa narudi ndani ya maji ya magotini, nasimama hapo kwenye matete napoza miguu, saa nne, saa tano, jua limepanda. Baadaye nikaanza kuchoka kwa namna nisiyoielewa, tumbo linasokota, siku moja nikaona damu kwenye choo. Nilipopima wakakuta mayai ya kichocho cha tumbo. Nilikulia kisiwani, neno nilikuwa nalijua toka utotoni, lakini nililiweka kwenye fungu la magonjwa ya watoto wanaoogelea.

Inavyokuwa ni hivi. Mayai hutoka na choo cha mgonjwa, yakifika majini yanaanguliwa, vijidudu vinaingia ndani ya konokono wadogo wa ziwani. Vinazaliana humo, kisha vinatoka kutafuta ngozi ya mtu. Havihitaji kidonda wala kumeza maji, vinapenya ngozi nzima ndani ya dakika chache. Konokono hao hupenda maji yaliyotulia yenye matete na magugu, na vijidudu hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kuelekea adhuhuri na baada yake. Mimi nilikuwa nasimama mahali hapo hasa, saa hizo hasa. Nilipimwa uzito nikapewa praziquantel, dozi ikihesabiwa kwa miligramu 40 kwa kila kilo, nikameza baada ya kula. Kichwa kilizunguka siku nzima, kisha nikapona. Nikaambiwa pia kwamba dawa huua minyoo mikubwa tu, ile michanga inaweza kuponyoka, kwa hiyo nikarudi kupima tena baadaye.

Sasa nakaa juu ya mstari wa maji, kwenye mchanga uliolowa ambao wimbi limeshauacha. Naanza jua likichomoza, kwetu ni kama saa kumi na mbili na dakika arobaini, na saa mbili nimeshaondoka. Nimebeba dumu la maji ya bomba ya kunawa miguu. Wimbi likinirukia najifuta hapohapo kwa kanga, ingawa najua kujifuta si kinga ya kutegemea. Na kila mwaka napima. Kabla ya mwanga sishuki kabisa: kiboko hulisha nchi kavu usiku na kurudi majini alfajiri, na ufukwe nisioujua siuingii bila kuwauliza wavuvi kwanza habari za mamba.

Watu wakijua nakimbia peku hunitajia Abebe Bikila, Mhabeshi aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 bila viatu. Nampenda sana. Lakini mwaka 1964 kule Tokyo alishinda tena, kwa muda mzuri zaidi, akiwa amevaa viatu. Kwa hiyo sibishani na mtu juu ya viatu, na vyangu bado ninavyo, navivaa barabarani. Rafiki yangu mwenye sukari aliponiomba nimfundishe nilikataa kabisa, kwa kuwa mguu uliopoteza hisia hauwezi kukuambia umechomwa. Tunatembea pamoja Jumapili, yeye na raba zake, mimi na kandambili.

Kisigino hakijarudia. Nakimbia kilomita sita mara tatu kwa wiki, nne kati ya hizo peku, na siku nzuri nafikisha saba.

Wiki hii mwezi umejaa. Jana jioni nilipita mwaloni kununua sato, mitumbwi ya dagaa imepinduliwa mchangani, vijana wanaziba nyufa, na yule mama amekaa kivulini anashona wavu. Akaniambia kipande cha kule mwisho, kwenye yale mawe makubwa, kimesafishwa na wimbi, hakina kitu. Sijawahi kufika huko peku. Alamu nimeiweka saa kumi na moja na nusu.