Jinsi nilivyoyatafuta mapenzi ya Mungu kuhusu kazi ya Dodoma

Mwezi wa Machi mwaka juzi nilipokea barua ya kuitwa kazini Dodoma, nami nilikuwa naishi Njombe pamoja na mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 74 na shinikizo la damu linalomtaka ahudhurie kliniki kila mwezi. Kazi ilikuwa ya utunzaji wa hesabu, ileile niifanyayo, ila mshahara ulikaribia kuwa mara mbili ya ule niliokuwa nao. Nilipewa siku 14 za kujibu. Ninaandika habari hii kwa sababu katika siku hizo nilipewa mashauri mengi na watu wanaompenda Mungu, na sehemu kubwa ya mashauri hayo ilinipoteza.

Usiku wa kwanza nilifanya jambo ambalo nimeona waumini wengi wakilifanya. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikafumba macho, nikaifungua Biblia popote itakapofunguka, kisha nikaweka kidole. Kiliangukia Mwanzo 12, pale Abramu anapoambiwa atoke katika nchi yake na nyumba ya baba yake. Nililia kwa furaha, nikaanza hata kuhesabu nauli na kodi ya chumba. Usiku wa pili nilirudia ili nithibitishe, na kidole kikaangukia Yeremia 42, ambapo Mungu anawaahidi watu wa Yuda waliosalia kwamba wakikaa katika nchi yao atawajenga wala hatawabomoa, na kwamba wasiende Misri. Nilikaa kitandani huku mikono ikinitetemeka, kwa maana nilikuwa na maneno mawili ya Mungu yaliyopingana juu ya safari moja.

Kabla ya kulala niliisoma ile sura ya Yeremia yote, na hapo ndipo iliponichoma kwa namna ambayo kidole changu hakikuitafuta. Watu wale walimwomba nabii awaulizie kwa Bwana, wakaapa kwamba watatii, liwe jema au baya. Jibu likaja baada ya siku kumi, nao wakalikataa, kwa sababu walikuwa wameshaamua kwenda. Nilijiuliza kama na mimi sikuwa nimeshaamua, huku nikitafuta sahihi ya Mungu chini ya uamuzi wangu.

Hata hivyo sikuacha kutafuta ishara. Dada mmoja wa kikundi chetu cha maombi alinikumbusha Gideoni, aliyemwomba Mungu ishara kwa kutandaza ngozi ya kondoo, nami nikaweka ngozi yangu, yaani ishara yangu: kama wahusika wa Dodoma watanipigia simu Ijumaa kabla ya saa sita mchana, nitakwenda. Alhamisi usiku umeme ulikatika, na asubuhi simu ilikuwa imezima. Uliporudi mchana, nikaichaji na kuiwasha, nilikuta ujumbe wa mtu wa Dodoma ukisema kwamba alinipigia saa tano na hakunipata. Je, alikuwa amepiga au hakupiga? Nilizunguka chumbani na swali hilo hadi jioni. Baadaye nilipoisoma Waamuzi 6 kwa utulivu, niliona kwamba Gideoni alikuwa ameshaambiwa waziwazi la kufanya kabla hajatandaza ngozi yoyote. Ngozi ilikuwa ya kuisaidia imani yake iliyokuwa ikitetereka, haikuwa njia ya kugundua asilolijua.

Jambo lililoniumiza zaidi ni la mtumishi mmoja anayeombea watu nyumbani kwake. Alinitazama kwa muda mfupi, akaniambia kwamba Bwana amemwonyesha barabara ndefu na gari jeupe, kwamba nikikaa Njombe baraka yangu itachukuliwa na mwingine, na kwamba panahitajika sadaka ya kuifungua njia. Nilitoa kama shilingi elfu hamsini, fedha ambazo zingenunua dawa za mama. Tangu siku hiyo ninawasihi watu waisome 1 Wafalme 13, juu ya mtu wa Mungu aliyetoka Yuda na kukatazwa kula wala kunywa kule Betheli. Nabii mzee alimdanganya kwamba malaika amesema naye, akamwamini, akarudi akala, na simba akamwua njiani. Mtu anayetanguliza maneno “Bwana ameniambia” bado anapaswa kupimwa kwa yale ambayo Bwana amekwisha kuyasema.

Wengine waliniambia nisikilize amani ya moyoni tu, tena niangalie mlango upi umefunguka. Ninaithamini amani ya Kristo, lakini Yona alipomkimbia Mungu alikuta merikebu ya kwenda Tarshishi tayari, akalipa nauli, akalala usingizi mzito humo ndani. Na Bwana Yesu, akiwa katikati kabisa ya mapenzi ya Baba yake kule Gethsemane, alihuzunika kiasi cha kufa.

Siku ya tisa nilimwendea mzee wetu mmoja wa kanisa, nikamkuta akipalilia viazi. Hakuacha kazi mara moja; alimaliza tuta lake, akaegemea jembe, akanisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza, “Binti yangu, kuna jambo ambalo tayari unajua Mungu analitaka kwako, nawe hujalifanya?”

Lilikuwapo, na nililijua kabla hajafunga kinywa. Kwa miaka miwili sikuwa nimesema na kaka yangu, kwa sababu ya mpaka wa kiwanja alichotuachia baba. Nilikuwa nikipeleka sadaka kila Jumapili, huku Mathayo 5 ikisema niiache mbele ya madhabahu, nikapatane kwanza na ndugu yangu. Nilimwomba Mungu anifunulie yaliyofichika, ilhali yaliyo wazi nilikuwa nimeyakalia.

Nilikwenda kwa kaka jioni ileile. Nilisimama mlangoni nikasema, “Shikamoo, kaka. Nimekuja kuomba radhi.” Alinyamaza kwa muda, akaitikia, akamwambia shemeji aongeze maji kwenye chai. Habari ya mpaka ilichukua chini ya nusu saa. Nilipomweleza juu ya Dodoma, aliniuliza, “Mama anasemaje?” Nikagundua kwamba nilikuwa nimemwuliza Mungu, mtumishi, kikundi cha maombi na mzee wa kanisa, lakini mama sikumwuliza.

Mama alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Alisema, “Mwanangu, mimi nimetamani miaka miwili hii kwenda kukaa kwa kaka yako niwaone wajukuu, nikaogopa kwamba utadhani nimechagua upande.” Nililia pale jikoni. Tuliketi watatu siku ya kumi na moja, tukapanga nani atampeleka kliniki na mimi nitatuma kiasi gani, kwa kuwa 1 Timotheo 5:8 haina tafsiri mbili juu ya kuwatunza walio wetu. Mambo yaliyobaki, yaani mshahara, chumba na umbali, tuliyapima kwa akili aliyotupa Mungu, na tukaomba pamoja.

Sikusikia sauti, wala sikuota ndoto. Niliiandika barua ya kukubali nikiwa bado na hofu kidogo, na hofu hiyo ilinisindikiza kwenye basi mpaka Makambako. Warumi 12:2 inasema tugeuzwe kwa kufanywa upya nia zetu, ndipo tupate kujua hakika mapenzi ya Mungu. Nami sasa ninaamini kwamba sehemu kubwa ya kugeuzwa kwangu ilifanyika mlangoni pa kaka, kabla sijafikia uamuzi wowote juu ya kazi.

Huwa ninarudi Njombe kila baada ya miezi miwili hivi, na kiwanja tumekipanda miparachichi, ambayo imevuka mstari uliokuwa mpaka. Mkataba wangu unaisha mwakani. Safari hii nitaanza kwa kumwuliza mama.